Je, wajua jinsi damu iliyofichwa chini ya rangi ilivyomfichua muuaji baada ya miaka 15?

Tarehe 14 Februari 1988, binti wa miaka 20 aitwaye Lynette White alikutwa ameuawa katika chumba cha ghorofani, juu ya duka la kamari, kwenye nyumba namba 7 ya Mtaa wa James, eneo la Butetown, jijini Cardiff, Wales. Alikuwa amechomwa kisu zaidi ya mara 50. Aliyemuua alikamatwa tarehe 28 Februari 2003, yaani miaka 15 na wiki mbili baadaye, na kilichomfikisha mikononi mwa polisi ni madoa madogo ya damu yake mwenyewe. Doa moja lilikuwa kwenye kipande cha selofani, ile karatasi laini inayong'aa ambayo hufunika pakiti ya sigara. Mengine yalikuwa yamelala chini ya rangi, kwa sababu chumba kile kilikwisha kupakwa rangi upya na kukaliwa na watu wengine.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo msomaji yeyote makini atauliza: damu iliyokauka, ikafunikwa kwa rangi na kusahauliwa kwa zaidi ya miaka kumi, inawezaje kueleza ilimtoka nani? Lipo na swali la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Ikiwa damu hiyo ilikuwapo tangu siku ya kwanza, ilikuwaje watu watatu wasio na hatia wakahukumiwa kifungo cha maisha?

Tuanze na damu yenyewe. Wekundu wa damu hutokana na chembe nyekundu, lakini kwa mpelelezi wa vinasaba (DNA) chembe hizo hazina faida kubwa, kwa kuwa chembe nyekundu ya binadamu iliyokomaa haina kiini, na vinasaba tunavyovitafuta hukaa ndani ya kiini. Vinasaba hutoka kwenye chembe nyeupe, ambazo ni chache mno; kwa kila chembe nyeupe moja kuna nyekundu mia kadhaa. Hata hivyo tone moja la damu, hata lile linalotoka mtu akijichoma sindano, lina maelfu ya chembe nyeupe, na kila moja imebeba nakala kamili ya vinasaba vya mwenyewe.

Maadui wa vinasaba ni unyevu, joto, bakteria na mwanga mkali wa jua. Doa likikauka upesi, bakteria hukosa maji ya kuwawezesha kuishi na kulila, na hapo vinasaba hubaki vimetulia miaka na miaka. Ndiyo sababu mpelelezi aliyefunzwa vizuri huihifadhi nguo yenye damu ndani ya mfuko wa karatasi na kuuepuka mfuko wa nailoni, kwa maana nailoni hufungia unyevu ndani, nguo ikaota ukungu na ushahidi ukaoza. Rangi ya ukutani nayo, ambayo mtu angedhani imeharibu kila kitu, inaweza kugeuka mlinzi: maji yake hukauka kwa muda mfupi, kisha tabaka linalobaki huzuia mwanga, vumbi, mikono ya watu na matambara ya kufanyia usafi. Anayepaka rangi juu ya doa la damu kavu hajalifuta, bali amelifunika.

Sasa turudi mwaka 1988 tuone wapelelezi walikuwa na nini mkononi. Mwanasayansi Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester alikuwa amegundua mbinu ya kumtambua mtu kwa vinasaba mnamo Septemba 1984, na kesi ya kwanza ya mauaji kutatuliwa kwa njia hiyo ilimalizika tarehe 22 Januari 1988, siku 23 tu kabla ya kifo cha Lynette, pale Colin Pitchfork alipofungwa maisha kwa kuwaua wasichana wawili katika vijiji vya jirani na Leicester. Katika kesi hiyo ya kwanza kabisa, kabla vinasaba havijamtia hatiani mtu yeyote, vilimwokoa kwanza kijana wa miaka 17 aliyekuwa amekiri mbele ya polisi kosa ambalo hakulitenda. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo, kwa sababu tutalirudia.

Mbinu ile ya awali ilikuwa na mapungufu yake. Ilihitaji doa kubwa lenye nyuzi ndefu za vinasaba zisizokatikakatika, na damu iliyochakaa au iliyo kidogo haikuweza kusomeka. Kwa hiyo wapelelezi wa Cardiff walitegemea zaidi makundi ya damu. Kwenye suruali ya jinzi na soksi ya marehemu walikuta damu ya mwanamume wa kundi AB, kundi ambalo Uingereza linao watu wapatao 3 au 4 tu katika kila 100. Jambo hilo lina maana kubwa, kwa kuwa mtu anayemchoma mwenzake kisu mara nyingi hujikata mwenyewe: mpini hulowa damu, mkono huteleza, vidole huangukia kwenye makali. Na kweli walikuwapo mashahidi waliosema kuwa walimwona nje ya nyumba ile mwanamume Mzungu aliyeonekana kufadhaika, akiwa na damu na jeraha mkononi. Polisi walichora sura yake na kuitangaza.

Miezi kumi baadaye, mnamo Desemba 1988, walikamatwa wanaume watano, wote wakiwa weusi au wa damu mchanganyiko. Hakuna hata kielelezo kimoja cha maabara kilichowaunganisha na chumba kile. Damu ya kundi AB haikuwa ya yeyote kati yao. Mmoja wao, Yusef Abdullahi, alisema kuwa usiku wa tukio alikuwa kazini ndani ya meli iliyokuwa bandarini Barry, nje ya jiji. Mwingine, Stephen Miller, aliyekuwa mpenzi wa marehemu na ambaye uwezo wake wa akili ulikuwa mdogo, alihojiwa kwa takriban saa 13 katika muda wa siku tano, akakana zaidi ya mara 300, kisha akakubali yale aliyokuwa akiambiwa. Novemba 1990 Miller, Abdullahi na Tony Paris wakahukumiwa kifungo cha maisha; wawili waliobaki, ambao ni binamu, wakaachiwa baada ya kukaa mahabusu karibu miaka miwili.

Hapa inafaa kuielewa Butetown, ambayo wazee wake huiita Tiger Bay. Ni mtaa wa bandarini uliojengwa na mabaharia kutoka Somalia, Yemen, Karibiani na Afrika Magharibi, waliofika na meli za makaa ya mawe na wengine wakaoa hapohapo. Mtaa huohuo ndiko alikokuwa akiishi Mahmood Mattan, baharia Msomali aliyenyongwa Septemba 1952 kwa mauaji ya mwenye duka mmoja, na ambaye hukumu yake ilifutwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1998, zaidi ya miaka 45 baada ya yeye kuzikwa. Watu wa Butetown waliposema mwaka 1988 kwamba wamekamatwa wasiohusika, walikuwa na kumbukumbu ya kusimamia.

Desemba 1992 Mahakama ya Rufani iliwaachia huru wote watatu. Majaji walisikiliza kanda za mahojiano ya Miller wakashtushwa na jinsi alivyokuwa akifokewa swali lilelile tena na tena, na Jaji Mkuu akasema kwamba ukiondoa kipigo chenyewe, ni vigumu kufikiria namna ya kumhoji mtu iliyo ya vitisho zaidi ya ile. Lakini kuachiwa kwa rufani hakukuwafuta doa mbele ya kila mtu. Walikuwapo walioendelea kunong'ona kuwa wameponea kwenye kasoro za kisheria. Muuaji alikuwa bado hajulikani, na maadamu hajulikani, jina la asiye na hatia haliwezi kusafishika sawasawa.

Wakati huohuo maabara zilikuwa zinabadilika. Badala ya kutazama nyuzi ndefu za vinasaba, wanasayansi walijifunza kusoma vipande vifupi vinavyojirudia. Fikiria utepe wa shanga: nyekundu, nyeupe, buluu, nyeusi, nyekundu, nyeupe, buluu, nyeusi, mpangilio uleule wa shanga nne ukijirudia. Kwa mtu mmoja mpangilio huo hujirudia mara 12 mahali fulani, kwa mwingine mara 15, kwa mwingine mara 18. Katika kila eneo mtu ana namba mbili, moja aliyoipata kwa baba na moja kwa mama. Ukiyasoma maeneo 10, unapata namba 20, na uwezekano wa watu wawili wasio na undugu kufanana namba zote 20 ni mdogo kiasi kwamba mahakamani ulitajwa kuwa mmoja katika bilioni moja.

Faida nyingine ni kwamba vipande vifupi husalimika hata pale uzi mrefu unapokuwa umekatikakatika kwa uzee, na vinaweza kuzidishwa. Mashine huipasha moto na kuipoza sampuli kwa zamu, na kila mzunguko huzifanya nakala za kipande kilekile kuwa mara mbili: mbili, nne, nane, kumi na sita. Ikifika mizunguko 28, kipande kimoja kwa hesabu kimezaa nakala zaidi ya milioni 200. Uingereza ilifungua kanzidata ya taifa ya vinasaba mwaka 1995 kwa kutumia maeneo sita, na mwaka 1999 ikahamia kwenye mfumo wa maeneo 10.

Polisi wa South Wales walilifungua upya jalada la Lynette White ilipofika mwaka 2000, na kazi ya maabara ikakabidhiwa kundi lililoongozwa na mtaalamu Angela Gallop. Kundi hilo lilianza na vielelezo vya mwaka 1988 ambavyo vilikuwa bado vimehifadhiwa, na kati yake kulikuwa na kile kipande cha selofani kilichookotwa chumbani. Juu yake palikuwa na damu kidogo sana. Ilipopimwa kwa mfumo mpya, ilitoa namba za mwanamume ambaye hakuwa mmoja wa wale watano, na kwa kuwa hakuwa na jina, wapelelezi wakampa lakabu ya Mtu wa Selofani.

Kipande cha selofani peke yake, hata hivyo, hakitoshi. Wakili wa utetezi angeweza kusema kuwa karatasi ya sigara huokotwa popote, na kwamba mwenye damu hiyo huenda alikuwa chumbani siku nyingine kabisa. Ilibidi damu ya mtu huyohuyo ionekane mahali ambapo haiwezi kuwapo isipokuwa aliyeimwaga alikuwa ameumia pale, usiku ule. Wataalamu wakarudi kwenye chumba chenyewe. Walikuwa na picha za tukio, wakajua damu ilichuruzika wapi, na wakautazama ule ubao mwembamba unaozunguka chumba pale ukuta unapokutana na sakafu. Ulikuwa umepakwa rangi. Ubao ukang'olewa ukapelekwa maabara, na huko mtaalamu akakaa na kisu kidogo cha upasuaji akikwangua tabaka baada ya tabaka, kwa subira ya fundi anayeondoa kutu kwenye chombo cha thamani, mpaka ikatokea chini yake alama ya rangi ya kahawia.

Alama ya kahawia inaweza kuwa kutu, chai au rangi ya mbao. Katika kazi hizi mtaalamu huisugua alama kidogo kwa karatasi ya chujio na kuidondoshea kemikali, na karatasi ikigeuka rangi ya waridi papo hapo, anajua kuwa huenda ameshika damu na kwamba inastahili kupimwa vinasaba. Damu ya chini ya rangi ilitoa namba zilezile za Mtu wa Selofani. Sasa palikuwa na mtu mmoja, ambaye damu yake ilikuwa chumbani mle, karibu na mahali alipofia Lynette.

Namba zake zikatafutwa kwenye kanzidata, lakini hakuwamo. Mwaka 1992 mtu huyo alikuwa amehukumiwa kwa kumshambulia mfanyakazi mwenzake, lakini kanzidata ilikuwa bado haijaanzishwa, na hivyo sampuli yake haikuwahi kuchukuliwa.

Hatua iliyofuata ndiyo inayonivutia kuliko zote, na sisi wa Afrika Mashariki tuna njia rahisi ya kuielewa. Wengi wetu neno DNA tumelizoea kupitia magomvi ya nani baba wa mtoto. Tanzania watu hupelekwa kupima kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na jibu hutegemea kanuni ileile ya namba mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kanuni hiyo haiishii kwa baba na mwana. Ndugu wa damu hushirikiana namba nyingi, na mjomba au baba mdogo hushirikiana na mtoto wa ndugu yake karibu robo ya vinasaba. Kwa hiyo hata kama muuaji hayumo kwenye kanzidata, huenda yumo ndugu yake. Polisi haohao wa South Wales walikuwa wametumia wazo hilo muda mfupi kabla, walipomtambua Joseph Kappen kuwa ndiye aliyewaua wasichana watatu mwaka 1973. Kappen alikuwa amekufa mwaka 1990, na vinasaba vya mtoto wake ndivyo vilivyowaelekeza kwake. Kaburi lake likafukuliwa mwaka 2002 na vipimo vikathibitisha.

Mtu wa Selofani alikuwa na namba moja ambayo ni adimu. Wapelelezi wakatafuta kwenye kanzidata watu wenye namba hiyo adimu, kisha wakaangalia ni nani kati yao anafanana naye na kwenye maeneo mengine. Likajitokeza jina la mvulana wa miaka 14. Mvulana huyo hakuwa amezaliwa Lynette alipouawa, na kwa sababu hiyo hakuna ambaye angeweza kumshuku. Alikuwa kama alama ya njia panda tu, inayoonyesha ukoo wa kufuatwa. Wakaufuata ukoo, ukawafikisha kwa ndugu wa mmoja wa wazazi wake, mlinzi aliyekuwa akiishi peke yake katika kijiji cha Llanharan, nje ya Cardiff. Jina lake ni Jeffrey Gafoor.

Alitoa sampuli ya mate bila ubishi. Kisha akanunua vidonge vingi vya paracetamol akavimeza. Polisi waliokuwa wakimfuatilia kwa siri wakaingia ndani kwa nguvu na kumwahisha hospitali, na njiani akamwambia ofisa aliyekuwa naye kwamba ndiye aliyemuua Lynette White na kwamba alikuwa akiingoja siku hiyo kwa miaka 15. Majibu ya maabara yalilingana na damu ya kwenye selofani na ya chini ya rangi. Tarehe 4 Julai 2003 alikiri kosa mahakamani na kufungwa maisha, huku akitakiwa kutumikia si chini ya miaka 12 na miezi minane. Ilielezwa kwamba alimlipa Lynette pauni 30 kwa ajili ya ngono, akabadili mawazo, akazidai zirudishwe, na ugomvi ukaanzia hapo.

Naona watu wengi wakiisimulia kesi hii kama ushindi wa teknolojia mpya, nami sikubaliani nao kikamilifu. Teknolojia mpya ndiyo iliyolitaja jina. Lakini damu ilikwisha kuzungumza mwaka 1988, kwa lugha chache ya kundi la AB, ikasema kuwa aliyeimwaga si mmoja wa wale watano, kama vinasaba vilivyosema kwa ajili ya kijana wa Leicester mwaka 1986. Leicester walisikia wakamwachia kijana. Cardiff hawakusikia, kwa sababu walikuwa na maneno ya Miller yaliyopatikana kwa kumfokea, na mashahidi waliodai kuwa waliona. Kipimo kinaweza kuwa sahihi kabisa na bado kikashindwa na hadithi ambayo watu wamekwisha kuiamini.

Mashahidi watatu kati ya waliotoa ushahidi ule walifungwa miezi 18 kila mmoja mnamo Desemba 2008 kwa kusema uongo chini ya kiapo, ingawa jaji mwenyewe alitambua kuwa walikuwa wamesukumwa na kutishwa. Mwaka 2011 maofisa wanane wa zamani wa polisi walishtakiwa kwa kuupotosha ushahidi wa kesi hiyo. Wote walikana, na Desemba mwaka huo wakatangazwa kuwa hawana hatia baada ya kesi kuvunjika, kwa kuwa baadhi ya nyaraka zilidhaniwa kuwa zimeharibiwa. Nyaraka hizo zilikutwa Januari 2012, salama, mikononi mwa polisi wenyewe. Kipande cha selofani cha saizi ya pakiti ya sigara kilikuwa kimetunzwa tangu mwaka 1988 bila kupotea.

Yusef Abdullahi, aliyesema tangu mwanzo kwamba usiku ule alikuwa melini Barry, hakuishi hadi kesi hiyo ya polisi ilipoanza kusikilizwa. Alifariki Januari 2011 akiwa na miaka 49.